Kijumba cha mapumziko kwenye ukanda wa joto: chepesi na wazi, kizito na kinene, au cha kiyoyozi?

Wengi wanaotaka kujenga kijumba cha mapumziko huanza na picha kichwani: paa la makuti, nguzo za miti, kitanda chenye chandarua cheupe. Swali la kwanza hasa ni jingine: saa 8 usiku, mtu aliyelala humo atapozwa na nini? Upepo unaopita juu ya kitanda, ukuta mnene uliopoa tangu usiku uliotangulia, au umeme? Ukishajibu, aina ya paa, sakafu na madirisha huwa rahisi kuchagua. Asiyejibu mapema huishia na mseto: kuta nzito za nyanda kame, madirisha mapana ya pwani, na kiyoyozi kwenye chumba kinachovuja hewa kila kona. Jengo la namna hiyo halipozwi vizuri na chochote kati ya hivyo vitatu.

Ulinganisho huu unachukua kijumba cha chumba kimoja, mita 4 kwa 6, chenye baraza la mita 2.4 upande mmoja mrefu. Kinatosha watu wawili bila kubanana. Kuna jambo moja linalokitofautisha na nyumba ya kuishi, nalo husahaulika sana kwenye michoro: hukaa kitupu siku nyingi kuliko zile kinazolaliwa. Kwa hiyo kila chaguo hapa chini limepimwa mara mbili, mtu akiwemo na mlango ukiwa na kufuli.

Pima usiku kwanza

Nunua kipimajoto chenye kupima na unyevu, kitundike kivulini mita 1.5 kutoka ardhini hapo hapo kiwanjani, na uandike joto la juu la mchana, la chini la usiku, na unyevu wa alfajiri. Fanya hivyo msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Takwimu za mji wa karibu hazitoshi, maana bonde, kilima na ufuo vinaweza kupishana nyuzijoto kadhaa ndani ya kilomita chache.

Tofauti ya mchana na usiku ikiwa chini ya nyuzi 8 hivi, na usiku haushuki chini ya 24, ukuta mnene hauna baridi ya kuhifadhi. Hapo jenga chepesi na wazi. Tofauti ikizidi nyuzi 10 na usiku ukashuka chini ya 22, kuta nene zinaanza kulipa gharama yake. Katikati ya hapo, au kwenye nyanda za juu ambako usiku ni baridi ya shuka mbili, sakafu nzito na kuta nyepesi ni mapatano mazuri.

| | Chepesi na wazi | Kizito na kinene | Cha kiyoyozi |
|---|---|---|---|
| Hali ya hewa | Joto na unyevu, usiku haupoi | Joto kavu, usiku unapoa | Popote, hasa pasipo upepo au penye vumbi na kelele |
| Kuta | Mbao, mianzi, paneli nyepesi | Udongo au mawe, sentimita 30 hadi 40 | Yoyote isiyopitisha hewa, yenye kizuia joto |
| Matundu | Nusu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana | Moja ya tano ya ukuta au pungufu | Madogo, yenye mpira wa kuziba |
| Umeme wa usiku mmoja | Feni: Wh (wati-saa) 300 hivi | Feni au hakuna | kWh 4 hadi 6 |
| Kikiwa kimefungwa | Kinapumua, ila vumbi na wadudu huingia | Salama pakavu | Kuvu ndani ya wiki chache |
| Kasoro kubwa | Sauti hupita, faragha ni ndogo | Kinahitaji mtu wa kufungua na kufunga | Umeme ukikatika, hakikaliki |

Aina tatu, kwa undani kidogo

Kijumba chepesi hakijaribu kuwa baridi kuliko nje. Kazi yake ni kutoa kivuli kisichozidi joto la nje na kuuacha upepo ufike kwenye ngozi. Hewa inayokwenda mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ahisi kama joto limeshuka nyuzi 3 hivi. Hewa yenyewe ikipita nyuzijoto 35, faida hiyo hupungua sana, kwa kuwa hewa sasa ni ya moto kuliko ngozi na linalobaki ni ukaukaji wa jasho tu.

Upepo una nguvu kuliko joto linalopanda. Upepo wa mita 2 kwa sekunde husukuma ukuta kwa paskali (kipimo cha msukumo) 2.4. Hewa ya moto inayotoka kwenye tundu lililo mita 3 juu ya dirisha, ndani kukiwa na joto nyuzi 3 zaidi ya nje, husukuma kwa paskali 0.35 tu. Ndiyo maana matundu ya juu chini ya paa, ingawa yanasaidia kutoa joto la dari, hayawezi kuchukua nafasi ya dirisha lililo usawa wa mwili. Kingo ya chini ya dirisha la kulalia iwe sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni. Ikiwa mita 1.2, kama mafundi walivyozoea kuipandisha, upepo unapita juu ya aliyelala na yeye anaendelea kutoka jasho.

Kijumba kizito hufanya kazi kwa ratiba. Hufungwa saa 3 asubuhi, hufunguliwa jua likizama, na ukuta wa udongo wa sentimita 30 huchelewesha joto saa 8 hadi 10. Tatizo la kijumba cha mapumziko ni kwamba hakuna anayefuata ratiba hiyo siku ambazo hakuna mgeni. Ukuta uliokaa umefungwa wiki nzima hauna baridi ya usiku, una wastani wa joto la wiki, na mgeni anayefika Ijumaa jioni analala usiku wa kwanza kwenye chumba kilichovunda joto. Dawa yake ni tundu moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari, pande mbili tofauti, kila moja sentimita 30 kwa 60, lenye nondo, wavu na kifuniko cha bawaba. Mlinzi au jirani anaweza kuvifungua jioni na kuvifunga asubuhi bila kuingia ndani. Kama hakuna mtu wa kazi hiyo, tunashauri uache kabisa wazo la kuta nene.

Kijumba cha kiyoyozi ndicho kinachochaguliwa kwa haraka na kujutiwa polepole. Tazama hesabu ya umande. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 25. Chumba kikipozwa hadi 23, kila ufa unaoingiza hewa ya nje unaleta maji pia, nayo yanatua nyuma ya kabati, kwenye godoro na juu ya dari. Ndiyo maana madirisha ya luva, yaani ya vibao vya kioo visivyoziba, na kiyoyozi ni maadui.

Kosa la pili ni kununua mashine kubwa kupita kiasi. Chumba cha mita 24 za mraba chenye paa lililokingwa vizuri kinatosheka na BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Ukiweka 18,000, mashine inashusha joto kwa dakika chache na kuzima kabla haijakausha hewa, na unabaki na ubaridi wa majimaji. Na kama unategemea jua: betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ya aina ya risasi na asidi inakupa kama Wh 600 bila kuiumiza. Feni ya mkondo mnyoofu (DC) ya wati 30 itazunguka usiku mbili kwa akiba hiyo. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kinachokula kilowati 1.1 hivi, kitaimaliza kwa nusu saa.

Kama kiyoyozi hakiepukiki, tenga sehemu ya kulala ya mita 10 za mraba kwa ukuta kamili hadi darini, iwe na mlango unaoziba, na weka BTU 9,000. Sehemu iliyobaki iache wazi kwa upepo. Mgawanyo huo ni bora kuliko kujaribu kupoza kijumba chote.

Jua au upepo: kielekeze wapi?

Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Sababu ni pembe za jua. Kwenye ikweta, hata siku ambayo jua limehama zaidi, saa 6 mchana linakuwa nyuzi 66 na nusu juu ya upeo. Upenu wa mita 1 unatia kivuli mita 2.3 za ukuta wa kaskazini au kusini, yaani karibu wote. Upande wa magharibi saa 10 alasiri jua liko nyuzi 30 tu, na upenu huo huo unakinga sentimita 58. Hakuna upenu wa kawaida utakaookoa ukuta wa magharibi. Mpe jukumu hilo bafu, stoo, au mti wenye majani mazito.

Ukuta wa magharibi wa matofali ya saruji ya sentimita 15 ni mtego hasa. Hunywa jua tangu saa 9 alasiri na hulitoa ndani baada ya saa 3 hadi 4, wakati ambapo watu wanatandika kitanda. Ukuta wa mbao ungekuwa umepoa dakika chache baada ya jua kuzama.

Upepo unaovuma mashariki hadi magharibi unaleta mvutano. Jua ndilo tunalotanguliza, kwa kuwa upepo hukubali kuelekezwa: ukija kwa pembe ya hadi nyuzi 45 bado unaingia vizuri, na ukuta mfupi wa pembeni mwa dirisha, unaochomoza sentimita 60 hadi 90, unaukamata na kuuingiza ndani. Miti iwe yenye shina tupu na kichwa juu. Vichaka vilivyopandwa mbele ya dirisha kwa ajili ya urembo huziba upepo na kufuga mbu.

Paa: hapa ndipo pa kuweka fedha

Chumba chetu ni mita 24 za mraba, lakini ukijumlisha baraza na upenu wa mita 1 kila upande, paa linafunika mita 67. Ndilo linalokaa chini ya jua la utosi siku nzima. Kuta zinaweza kuwa za kawaida kabisa na kijumba kikawa kizuri. Paa likiwa baya hakuna ukuta utakaofidia.

Makuti yana faida ya asili: yanapitisha hewa, hayahifadhi joto na hayapigi kelele mvua inaponyesha. Yanataka mteremko wa nyuzi 45 au zaidi. Paa la makuti la nyuzi 30 linapendeza kwa mbali ila linavuja msimu wa pili, kwa sababu maji yanatembea ndani ya tabaka badala ya kuteleza juu yake. Umbali kati ya ukuti na ukuti kwenye fito uwe sentimita 10 hivi. Fundi akiachia 20 ili kuokoa mali, muda wa paa unakatika nusu. Tarajia miaka 5 au zaidi kidogo, na pungufu penye kivuli cha miti, maana makuti yasiyokauka kati ya mvua na mvua huoza. Hatari ya moto ni ya kweli: jiko na mishumaa vikae mbali, na nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba. Maji yake ni ya rangi ya chai, yanafaa bustani tu. Na kama huna fundi wa makuti karibu, gharama ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache itakushinda kabla ya jengo kuchoka.

Mabati hudharauliwa kwa sababu huonekana yakiwa yametumiwa vibaya. Bati jeusi au lenye kutu linapita nyuzijoto 65 juani, na bila dari joto hilo linamulika vichwa vya watu moja kwa moja. Bati jipya linalong'aa nalo si suluhisho, kwani ingawa linarudisha mwanga mwingi wa jua, chuma kitupu ni kizito kutoa joto lake, kwa hiyo huchemka kuliko bati lililopakwa rangi nyeupe. Nyeupe safi hubaki karibu nyuzi 10 juu ya joto la hewa. Ila huchafuka kwa vumbi na kuvu, kwa hiyo panga kuliosha kila mwaka.

Tabaka zake zipangwe hivi, kutoka juu: bati jeupe la geji 28, nafasi ya hewa ya angalau milimita 25, karatasi ya alumini uso unaong'aa ukitazama chini, nafasi nyingine, kisha dari ya mbao au mkeka. Uso unaong'aa ukitazama juu hufunikwa na vumbi na baada ya miaka michache hauna kazi. Ukigusana na bati, pia hauna kazi, maana unahitaji hewa mbele yake ili kuzuia mnururisho. Acha mwanya wa sentimita 5 chini ya upenu na mwingine kwenye mgongo wa paa, vyote vikiwa na wavu wa kuzuia popo. Mteremko wa nyuzi 10 unatosha bati, ingawa 20 hadi 30 ni bora kwa mvua ya upepo. Kelele hupungua sana dari ikiwa na pamba ya kizuia joto juu yake.

Vigae vya udongo vinakaa miongo, havipigi kelele, na vinapumua kwenye maungio. Vina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba dhidi ya kilo 4 hivi za bati, kwa hiyo kenchi na nguzo zinakuwa nene, na kijumba kilicho juu ya nguzo kinagharimu zaidi kuanzia msingi.

Paa la zege tambarare halifai hapa. Sentimita 10 za zege ni kilo 240 kwa kila mita ya mraba, zinazooka mchana kutwa na kumulika kitanda hadi usiku wa manane. Anayelitaka kwa ajili ya kukaa juu jioni alifunike na paa la pili jepesi, na hapo atakuwa amelipia mapaa mawili.

Kwa uchaguzi: makuti kama fundi yupo na unakubali kuezeka upya, bati jeupe lenye dari katika hali nyingine karibu zote, hasa ukitaka maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua moja ya milimita 50 juu ya paa letu, ukitoa moja ya tano inayopotea, inakupa takriban lita 2,700. Zitupe lita 50 za kwanza, zinazoosha vumbi na mavi ya ndege.

Sakafu: nguzo au jamvi la zege?

Nguzo zinashinda kwenye mteremko, penye mafuriko na kwenye kijumba cha wazi. Upepo una kasi zaidi juu ya majani, sakafu haigusi unyevu wa ardhi, na mchwa wanaonekana wakipanda. Acha angalau sentimita 60 chini ya boriti, ili mtu aweze kuingia kwa tumbo na tochi. Nafasi ya sentimita 30 ni maficho ya panya na mchwa ambayo hakuna atakayeyakagua. Juu ya kila nguzo weka kofia ya bati inayochomoza sentimita 5 na kuinama nyuzi 45. Kofia hiyo haiwazuii mchwa, inawalazimisha kujenga njia yao ya udongo kwa nje ambako utaiona. Ukaguzi usipofanyika, kofia haina maana. Kwa nguzo zenye umbali wa mita 2, boriti za milimita 50 kwa 150 kila sentimita 45 zinatosha. Kasoro ni mtikisiko, nyayo zinazosikika, na ngazi kwa wazee.

Jamvi la zege ni rahisi kusafisha, halitikisiki, na lina ubaridi wa ardhi mchana. Mpangilio wa kawaida ni kifusi kilichoshindiliwa sentimita 15 hadi 20, mchanga sentimita 5, karatasi ya nailoni ya milimita 0.25 yenye mapishano ya sentimita 30, kisha zege ya sentimita 10 yenye wavu wa nondo. Uso wake uwe sentimita 30 juu ya ardhi ya nje. Matatizo mawili humkuta mwenye jamvi. La kwanza ni mchwa, ambao ufa wa milimita 2 unawatosha, na ufa huo ukiwa chini ya ukuta hutauona. La pili ni sakafu kutoka jasho: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 85 hudondosha maji kwenye chochote kilicho chini ya nyuzi 27, na jamvi lenye 26 litateleza asubuhi nzima hata kama nailoni imewekwa sawasawa. Wenye nyumba hulaumu fundi bure. Kwenye ukanda wenye unyevu mwingi, jamvi lifunikwe na vigae vya udongo visivyong'arishwa, vinavyonyonya kidogo, au mbao zilizoinuliwa. Kaure inayong'aa ni hatari.

Kuta

Zikiwa kivulini, tofauti zao za joto ni ndogo. Chagua kwa uimara na kwa mafundi ulionao.

Mbao ngumu iliyokauka inahitaji nafasi ya hewa nyuma yake na sentimita 20 kutoka ardhini. Mianzi ni nafuu na nyepesi, ila isiyotibiwa huliwa na bungua ndani ya miaka michache, wakati mwingine ndani ya miezi. Kata iliyokomaa, ya miaka 3 hadi 5. Toboa vifundo vya ndani kwa nondo ndefu, kisha iloweke ikiwa mbichi siku 7 hadi 10 kwenye boraksi na asidi ya boriki kwa uwiano wa 3 kwa 2, kilo 5 za mchanganyiko kwa lita 100 za maji. Dawa hiyo huyeyuka na kuoshwa na mvua, kwa hiyo mwanzi uliotibiwa na kuachwa nje ya upenu ni sawa na ambao haukutibiwa. Miguu yake isimame juu ya zege au jiwe lenye urefu wa sentimita 30 hadi 40. Boliti zipite karibu na kifundo. Ukitoboa katikati ya pingili, mwanzi unapasuka unapokaza.

Matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa ndiyo chaguo letu kwa kijumba kizito. Saruji asilimia 5 hadi 10, udongo wenye mchanga mwingi kuliko mfinyanzi, na yafunikwe yakiwa na unyevu kwa wiki mbili. Wanaoyaanika juani siku hiyo hiyo hupata matofali yanayomeguka kwa kidole. Sentimita 40 za chini ya ukuta ziwe za jiwe au zege, kwa sababu tone linaloruka kutoka ardhini hula ukuta kuliko mvua inayoupiga juu. Pasipo na gata, chimba mtaro wa kokoto wenye upana wa sentimita 60 chini ya mchirizi.

Madirisha na wavu

Luva hufunguka karibu asilimia 90 ya tundu na huzuia mvua nyepesi zikiwa nusu wazi. Hazizibi, na vioo vyake huchomolewa kirahisi, kwa hiyo zinataka nondo. Dirisha la bawaba hufunguka lote lakini linapigwa na upepo, linahitaji kulabu. La kuteleza hufunguka nusu tu. Kulinunua la mita 2 ni kulipia mita 1 ya hewa. Kwa kijumba kinachofungwa muda mrefu, vibao vya mbao vilivyolazwa nyuzi 45 na kukazwa kabisa, sentimita 40 juu ya kila dirisha, vina thamani kuliko vyote: mlango ukiwa na kufuli, hewa bado inapita na godoro halioti kuvu.

Wavu wa mbu unaweza kula theluthi ya upepo mwanana, wakati mwingine zaidi. Ukiutandaza kwenye ukingo wa nje wa baraza badala ya kwenye fremu ya dirisha, eneo lake linakuwa kubwa mara kadhaa, hewa inaupenya polepole, na hasara inapungua. Unapata pia baraza la kukaa jioni. Hapo upana wa mita 2.4 ndio kiwango cha chini kwa meza na viti vya watu wanne. La mita 1.2 ni njia ya kupita.

Ukitumia chandarua cha kitandani, feni iwe ndani yake au karibu sana. Feni ya dari juu ya chandarua kizito inapepea kitambaa.

Penye tufani na penye chumvi

Tufani kubwa za baharini ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta, kwa kuwa mzunguko wa dunia hapo hauzipi msokoto wa kutosha. Nje ya hapo, hadi nyuzi 30 hivi, ushauri wetu kuhusu upenu mpana unabadilika. Upenu uwe sentimita 60. Paa liwe la miteremko minne, nyuzi 30 hivi. Paa la baraza litenganishwe na lile kuu, liweze kung'oka peke yake. Kila pau ifungwe kwa bamba la chuma hadi kwenye ukuta, na ukuta hadi kwenye msingi. Misumari peke yake huchomoka.

Karibu na bahari, chuma hushindwa kuanzia kwenye skrubu. Alumini kwa paa na chuma cha pua cha daraja la 316 kwa viungio ndiyo njia. Usiunganishe alumini na shaba, moja italiwa.

Ukichagua kwa hali yako

Ufuo au bonde lenye unyevu, umeme wa jua, mlinzi yupo: kijumba chepesi juu ya nguzo, bati jeupe lenye dari au makuti, vibao vya mbao juu ya madirisha, wavu kwenye baraza, feni moja juu ya kitanda na moja barazani.

Nyanda kame zenye usiku wa baridi: matofali ya udongo sentimita 30, jamvi, madirisha madogo ya kaskazini na kusini, matundu ya usiku, na kitanda cha pili barazani, maana kwa wiki chache za joto kali nje panalalika kuliko ndani.

Kiwanja kilichozungukwa na majengo, kelele na hewa iliyosimama: chumba kidogo cha kiyoyozi kilichozibwa, sehemu iliyobaki wazi. Usipolala humo kwa muda wa zaidi ya wiki mbili, acha milango ya kabati wazi, simamisha godoro, na mwombe mtu afungue madirisha siku kavu moja kila wiki.

Fedha zikipungua katikati ya kazi, punguza urefu wa chumba kutoka mita 6 hadi 5, acha kuta bila lipu ya ndani, ahirisha hata bafu la kifahari. Vitu visivyoguswa ni upenu, dari yenye karatasi ya alumini, na dirisha la pili upande wa pili wa kitanda, kwa kuwa kuviongeza baadaye maana yake ni kubomoa.